Magitaa ya Zambia na Kalamu Yangu Nyekundu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikipangua makabati ya ofisini, kazi ambayo sisi wahadhiri huiahirisha hadi karatasi zikaribie kutufukuza chumbani. Ndani ya bahasha ya kaki nilikuta insha ya mwanafunzi wangu wa zamani, na pamoja nayo flashi. Insha ilihusu muziki wa roki wa Zambia wa miaka ya 1970. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Uigaji wa Magharibi. Si utamaduni wetu." Nilimpa C. Flashi sikuwahi kuifungua.

Safari hii niliifungua. Ilikuwa na mkusanyo uitwao We Intend to Cause Havoc!, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Now-Again ya Marekani, wenye kazi za bendi ya WITCH. Jina la bendi ni herufi za mwanzo za maneno hayohayo, yaani tumekusudia kuleta vurugu. Walikuwa vijana waliotokea ukanda wa shaba, na mwimbaji wao Emanuel Chanda alijulikana zaidi kwa jina la Jagari, lililotokana na la Mick Jagger. Nilidhani ningesikiliza kwa dakika kumi. Nilifunga ofisi saa mbili usiku.

Santuri yao ya kwanza, Introduction ya mwaka 1972, ni muziki wa watu wenye haraka: vyombo vinagongana, sauti imerekodiwa kwa umaskini, na hakuna anayejali. Kufikia Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ni bendi nyingine kabisa. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya kokoto, besi inatembea kwa kiburi, na chini ya vyote mpiga ngoma anacheza kwa namna ambayo hakuifundishwa na Mwingereza yeyote. Nimewasikiliza Black Sabbath na Deep Purple kwa miaka mingi kwa siri ya mtu anayehubiri utamaduni mchana. Sioni kwa nini vijana hawa wasitajwe pamoja nao.

Kilichonishtua zaidi ni siasa yake. Rais Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, aliagiza kwamba sehemu kubwa mno ya muziki wa redioni, asilimia 95 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, iwe ya Wazambia. Huenda watawala walitazamia ngoma za jadi na nyimbo za kuisifu nchi. Vijana walitii agizo kwa magitaa ya umeme. Walikuwa Wazambia, hivyo muziki ulikuwa wa Kizambia, na hoja ikaishia hapo.

Sisi huku tulipita njia nyingine. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa sababu ileile niliyokuja kuiandika mimi pembeni mwa insha. Nimefundisha juu ya marufuku ile mara nyingi, nikiwacheka wakuu waliodhani utamaduni ni ghala linalohitaji mlinzi mlangoni. Kumbe mlinzi mwenyewe nilikuwa mimi.

Tena sina kisingizio cha ugeni. Nimekulia Mbeya. Usiku, kaka yangu alipozungusha kitufe cha redio, stesheni za Zambia zilituingia vizuri kuliko nyingine nyingi, na magitaa ya namna hii yalipita masikioni mwangu kabla sijajua neno utamaduni lina maana gani. Baba alisema, "Zima hayo makelele." Nadhani nilikuja kumnukuu baba nikijidhani namnukuu Fanon.

Muziki ule haukuuawa na marufuku. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na nchi iliyoiegemea shaba ikayumba. Vita vya ukombozi vya majirani vilileta amri za kutotoka nje usiku, na bendi zikalazimika kupiga maonyesho mchana. Kisha ukaja Ukimwi, ukafagia wengi wa kizazi kile cha wanamuziki. Jagari aliishia kuchimba vito ardhini, kabla dunia haijamkumbuka na kumrudisha jukwaani akiwa mzee.

Dunia hiyo, hata hivyo, si sisi. Waliouweka mkusanyo huu pamoja ni wakusanyaji wa santuri wa California, na nawashukuru bila kinyongo. Lakini Lusaka na Dar es Salaam zimeunganishwa kwa reli tangu miaka ile ile, na katika vyuo vyetu tunawafundisha vijana historia ya reli hiyo hadi idadi ya mataruma. Waliokuwa wakiimba upande wa pili wa reli tumewaacha waokolewe na mtu aliyevuka bahari.

Jana nilimtafuta yule mwanafunzi, ambaye sasa naye ni mwalimu wa sekondari. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba alama haziwezi kubadilishwa tena, ila nilikosea, na insha yake ilikuwa nzuri. Alinyamaza kidogo. Kisha akacheka, akauliza:

"Mwalimu, umefika santuri ya ngapi?"

Nikamwambia ya nne.

"Basi bado hujamaliza," akasema.