Faiba haiponyi kutu

Wiki hii, mpenzi msomaji, nataka tuzungumze juu ya lile Volkswagen Beetle kuukuu lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba yenu. Usiniambie halipo. Kama si kwenu basi ni kwa mjomba, na kuna kijana wa chuo ambaye kila likizo hulizunguka akilipigia hesabu.

Kwetu kijana huyo ni mdogo wangu. Gari lilikuwa la marehemu baba. Madigadi yote manne yalikuwa yameliwa na kutu hata ungeweza kupitisha ngumi, nayo ya chuma, ukiyapata kule Grogan, huwa yamechoka au bei yake inakutoa jasho. Kijana akaamua kutia ya faiba, mapana, ya kuvutia macho. Mama hakupenda. "Gari la baba yenu mwataka kulivika plastiki?" aliuliza. Lakini alimwachia.

Kusema kweli, wazo lenyewe si baya. Madigadi ya Beetle hayakuchomelewa kwenye bodi, yamefungwa kwa bolti tu, hivyo mtu mwenye spana na subira anaweza kuyatoa na kutia mengine. Vijana wa California waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1964 Bruce Meyers aliunda Meyers Manx, gari la mchangani lenye bodi ya faiba na injini ya Beetle. Nazo Beetle zaidi ya milioni 21 ziliundwa kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003.

Tatizo letu lilikuwa fundi. Jina lake nalimeza. Alikuwa na haraka, akapaka rangi kabla hajayajaribisha madigadi. Msomaji, faiba hufinyangwa kwa mkono na haitoki sawasawa kama chuma cha mashini. Ijaribishe ikiwa tupu, bolti zote zikiwa legevu. Fungua na ufunge milango. Kata kona huku watu wameketi nyuma, uone kama tairi linagusa. Mashimo yakikataa kulingana, panua shimo, usivute faiba kwa nguvu ya spana. Tia washa pana, kisha kaza kidogo kidogo. Wetu alikaza kama anayefunga gurudumu la lori, na kabla ya mwezi kwisha nyufa zikatanda mfano wa utando wa buibui.

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Mahali bolti zinapoingilia, chuma cha bodi kilikuwa kimeoza. Badala ya kukikata na kuchomelea kipya, bwana huyo alikibandika faiba juu, akapiga msasa, akapaka rangi. Kikang'aa!

Jumapili moja usiku walikuwa wakitoka harusini, Mama ameketi nyuma. Kwenye Thika Road lori likawajia kwa kasi, likapiga honi ndefu na kukwepa kwa upana wa kiganja. Dereva alitoa matusi nisiyoweza kuyaandika katika ukurasa wa familia. Taa za nyuma zilikuwa zimezimika, zote mbili.

Sababu yake yafaa kila mzazi aijue. Katika gari, umeme wa taa hurudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Faiba haipitishi umeme. Kwa hiyo kila taa iliyokaa juu ya faiba yahitaji waya wake wa kurudishia, uliofungwa kwenye chuma safi. Fundi aliuweka, ndiyo, lakini aliufunga kwenye bolti ile ile iliyoshika kutu. Mitikisiko ya barabara ikamaliza kazi.

Mama hakusema neno hadi nyumbani. Hata nyumbani hakusema.

Tuliyatoa madigadi yote. Safari hii fundi mwingine alifungua betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, akaondoa tangi la petroli lililo mbele chini ya boneti, ndipo akawasha mashine ya kuchomelea. Chuma hicho kipya kilitugharimu kuliko madigadi yenyewe. Nyufa kijana aliziba mwenyewe, uani, watoto wakiwa mbali. Kilo moja ya gundi ya faiba hutaka gramu 10 hadi 20 tu za dawa ya kuigandisha. Yeye alimimina kwa kukisia, na kopo likaanza kufuka moshi mikononi mwake. Dawa hiyo ikirukia jicho yaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani ya kazi si mapambo. Vaa pia mikono mirefu unapopiga msasa, la sivyo utajikuna usiku kucha.

Siku ya kulitoa tena, Mama alikuja na leso yake begani, akasimama nyuma ya gari. Akamwambia kijana awashe taa. Kisha akanyage breki. Kisha akanyage tena.