Tuulize Kabla ya Kutoboa

Wiki chache kabla ya toleo hili kupelekwa kwa mpiga chapa, nilisimama katika kiwanja cha jirani yangu hapa Nduruma nikiutazama mtambo wa kuchimba kisima ukifanya kazi yake. Tangu asubuhi bomba lilikuwa likizunguka na kushuka, na upepo wa kompresa ulikuwa ukitapika kutoka shimoni vumbi la kijivu lililo laini kama unga, masalio ya majivu ambayo mlima Meru uliyamwaga katika zama za kale. Na fundi, kila baada ya mita chache, alikuwa akilichota vumbi hilo, akalifikicha kwa vidole, kisha akaliweka juu ya gunia kwa mafungu yaliyopangwa safu kwa safu, ili kila fungu lishuhudie tabaka lilikotoka. Alasiri vumbi likageuka tope, tope likageuka maji, na wanawake wa nyumba ile wakapiga vigelegele. Siku kadhaa baadaye yakaja majibu ya maabara: floridi ya maji yale ilikuwa imepita mno kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho mpaka wa salama kwa mnywaji. Kisima kilichokula akiba ya miaka mingi kikawa cha kufulia nguo na kumwagilia mboga, na watoto wa jirani yangu wakarudi kwenye foleni ya ndoo.

Nimeanza na kisima hicho kwa kuwa makala za toleo hili zinazungumzia kisima kingine, ambacho hakijachimbwa wala hakitachimbwa upesi, nacho ni kile ambacho wahandisi wanatamani kukichimba katika Europa, mmoja wa miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo Galilei aliiona kwa darubini yake mnamo Januari 1610. Jina la Mshtarii si geni katika lugha yetu, maana wajuzi wa falaki wa pwani walilitaja pamoja na Zuhura na Zohali muda mrefu kabla shule zetu hazijafundisha habari za sayari. Mwezi wake huu ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, kipenyo chake kilometa 3,100 hivi, nao umevikwa pande zote gamba la barafu ambalo unene wake hukisiwa kuwa kati ya kilometa 15 na 25. Chini ya gamba hilo, kwa ushahidi wa sumaku uliokusanywa na chombo kilichoizunguka Mshtarii tangu 1995 hadi 2003, yadhaniwa kuna bahari ya chumvi yenye maji yapatayo mara mbili ya maji ya bahari zote za dunia. Na penye maji, hapakosi mtu wa kuuliza kama pana uhai.

Wengi hudhani kwamba taabu ya safari hiyo ni umbali. Umbali ni taabu, sikatai. Walakini hoja ninayotaka kuiweka mbele ya msomaji ni kwamba taabu iliyo kubwa zaidi huanza baada ya kufika, na kwamba iliyo kubwa kupita zote si ya nguvu bali ya adabu.

Tutazame kwanza mlangoni. Juu ya uso wa Europa baridi hufika nyuzi 160 chini ya sifuri na kuzidi, na barafu ya baridi hiyo haina ulaini wa barafu ya sokoni, bali ni ngumu kama mwamba. Hewa hakuna, na kwa kuwa hewa hakuna, barafu ikipashwa moto haiyeyuki ikawa maji, bali huruka moja kwa moja ikawa mvuke; hivyo chombo kinachotegemea kuyeyusha njia yake hukosa, mwanzoni mwa kazi, maji yale yale ambayo yangepeleka joto lake kwenye barafu. Juu ya hayo yote, Mshtarii huumwagia mwezi huo mionzi mikali ambayo mtu akikaa ndani yake siku moja imetosha kumwua, na vifaa vya elektroniki navyo havisalimiki bila sitara nzito.

Tuseme mlango umefunguka. Je, tuchimbe kwa bomba, kama fundi wa Nduruma? Shimo refu kuliko yote yaliyopata kuchimbwa kwenda chini duniani, lile la Kola katika Urusi, lilianzwa mwaka 1970 na kufikia mita 12,262 mwaka 1989, kwa mtambo mkubwa kama jengo; nani atayabeba mabomba ya kilometa 20 hadi kwa Mshtarii? Kwa hiyo wahandisi wamerudia fikira ya Karl Philberth, Mjerumani aliyetengeneza chombo chembamba chenye pua ya moto, ambacho mwaka 1968 kilizama kwa kuyeyusha barafu ya Greenland hadi zaidi ya mita 1,000. Hikima yake ilikuwa katika waya. Kwa kuwa maji huganda tena nyuma ya chombo na kukifungia njia, waya unaovutwa kutoka juu ungenaswa mara moja. Basi Philberth aliuzungusha waya wote ndani ya chombo chenyewe, nao ukawa ukitoka nyuma yake kadiri kinavyoshuka, kama buibui anayeshuka kwa uzi wa tumbo lake mwenyewe.

Lakini hata uzi huo una hofu yake. Mvuto wa Mshtarii huifinya na kuiachia barafu ya Europa katika kila mzunguko wa siku tatu na nusu, na waya ulioganda ndani ya barafu inayosogea waweza kukatika. Ndiyo maana wengine wanashauri chombo kiache njiani visanduku vya redio vya kupokezana habari. Mchanga na chumvi vilivyomo ndani ya barafu navyo havitoki. Hutuama chini ya pua ya chombo na kuizuia isiguse barafu, mpaka kitafutwe kisu cha kuvikwangua au maji ya moto ya kuvisukuma kando. Na kwa kuwa neno la redio kutoka kwetu huchukua zaidi ya nusu saa kufika huko, chombo kikikwama hakina wa kumwuliza. Sharti kiwe kimefundishwa kuamua chenyewe, gizani, katika safari ya miezi au miaka.

Hayo yote ni magumu, ila ni magumu ya aina ambayo akili na fedha huyashinda. Lililo zito zaidi lilionekana hapa hapa duniani, tarehe 5 Februari 2012, Warusi walipolifikia ziwa Vostok lililofunikwa na barafu ya Antaktika, baada ya kuchimba mita 3,769. Ili shimo lisijifunge, walikuwa wamelijaza mafuta ya taa. Na vijidudu vilipotajwa kuonekana katika maji yaliyopanda, ubishi ukazuka: je, ni vya ziwa, au vimeletwa na mafuta ya wachimbaji? Tazama mkasa ulivyo. Mtu hutaabika miaka kuyafikia maji yaliyositirika, kisha mikono yake mwenyewe humnyima haki ya kusema alichokikuta.

Kwa hadhari hiyo, mkataba wa mwaka 1967 kuhusu anga za juu unayataka mataifa yajiepushe na kuchafua magimba ya mbinguni; na kwa hadhari hiyo hiyo, Septemba 2003, wahandisi walikiangusha ndani ya Mshtarii chombo kile kilichokuwa kikiizunguka, ili kiungue, kisije siku moja kikaanguka juu ya Europa na vijidudu vya dunia. Chombo cha sasa, Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kutazamiwa kufika mwaka 2030, hakitatua wala kutoboa; kitaupita mwezi huo mara 49 hivi, kikitazama na kupima. Wanauliza kwanza, kutoboa kutafuata, labda mikononi mwa watu ambao hawajazaliwa.

Msomaji ataniambia kwamba mwenye ndoo tupu hana haja na bahari ya Europa. Ningekubali, lau kuchimba barafu kungekuwa jambo la ugenini tu. Lakini kilele cha Kibo, tukionacho kutoka hapa asubuhi zisizo na mawingu, kilichimbwa mwaka 2000 na Lonnie Thompson na wenzake, wakatoa fimbo sita za barafu zilizofika hadi kwenye mwamba, na ndani yake wakasoma historia ya miaka ipatayo 11,700 ya mvua na ukame wa nchi yetu. Nao waliona kwamba barafu ya mlima ilikuwa imepungua kwa asilimia 80 hivi tangu 1912. Na katika habari za kuganda kwa maji, aliyeuliza swali ambalo wanazuoni wa dunia wanalijadili mpaka leo alikuwa Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963, aliyeona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa, akachekwa darasani, asiache kuuliza, hata mwaka 1969 swali lake likachapishwa pamoja na utafiti wa Denis Osborne.

Kosa la kisima cha jirani yangu halikuwa la fundi. Alichimba vizuri, na mafungu yake juu ya gunia yalikuwa ushahidi mwaminifu. Kosa lilikuwa letu sote wa mtaa, maana visima viwili vya jirani vilikuwa vimekwisha kupimwa, na majibu yake yalikuwa yamekunjwa ndani ya masanduku ya wenyewe, kila mmoja akiona aibu kusema kwamba maji yake hayanyweki. Wanaotaka kuchimba umbali wa mamilioni ya kilometa huuliza miongo kadhaa kabla ya kugusa. Sisi tulitoboa bila kumbishia hodi aliye upande wa pili wa ua.

Basi naomba kila mwenye kisima, kuanzia Nduruma hadi Maji ya Chai, atuletee mambo matatu: kina cha kisima chake, matabaka aliyoyapita fundi, na kipimo cha floridi. Tutayachapa katika toleo lijalo kwa jina la kitongoji, bila jina la mtu.