Chakula Kinapokwama Kifuani

Wako watu katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale ambao, waonapo ugali unakwama kifuani, huusukuma kwa maji, kisha hunyamaza. Baadaye huweza uji tu. Na wafikapo hospitali, ugonjwa umekwisha kukomaa. Yafaa basi tujue habari za saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula toka kooni hata tumboni.

Ugonjwa huu huanza kwa doa dogo lisiloumiza. Huko Bomet, nchini Kenya, madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliwapima watu 305 wasiokuwa na malalamiko. Waliingiza mrija wenye taa, wakaupaka umio iodini: ngozi nzima hugeuka kahawia, iliyoharibika hubaki nyeupe. Habari zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha kwamba, katika kila watu 100, kama 14 walikuwa na ngozi iliyoanza kuharibika, ingawa haijawa saratani. Hata saratani ikiwa changa, daktari aliyefundishwa aweza kuiondoa kwa mrija huo, bila kupasua kifua.

Lakini pombe kali, kama kanyanga, huleta maovu mawili. Hudhuru umio, tena hulijaza ini makovu. Homa ya ini B nayo hufanya vivyo hivyo. Damu ikikosa njia katika ini gumu, hurudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya umio. Mishipa hiyo ikipasuka, mtu hutapika damu, naye aweza kufa siku ile ile. Saratani ikiota penye mishipa hiyo, kuikata ni hatari: yafaa daktari aifunge mishipa kwanza kwa vipete vya mpira, aingoje inywee, ndipo aliondoe doa.

Kazi hiyo haifanyiki katika kila hospitali, na kwetu njia mbovu na vita huirefusha safari. Kwa hiyo yatupasa kutangulia. Tuache pombe kali na tumbako. Chai ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Watoto wachanjwe katika juma la 6, la 10 na la 14. Chakula kikikwama majuma mawili, nenda ukapimwe. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kupambazuke.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.