Mgeni wa Desemba: Nani Amwandalie Nani Krismasi ya Kitui na Makueni?

Ifikapo wiki ya tatu ya mwezi wa Desemba, jiji la Nairobi huanza kupukutika watu. Katika kituo cha mabasi ya mashambani, kile ambacho wenyeji wake hukiita kwa mzaha "Machakos Airport", abiria husukumana na mizigo yao tangu alfajiri, nauli nazo hupanda kwa kadiri ya mwenye gari apendavyo. Wengine, tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, huabiri gari moshi na kushuka Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Magazeti huyaandika haya kila mwaka: msongamano, nauli, ajali. Aghalabu husahauliwa kwamba kila safari ina ncha mbili, na kwamba kwenye ncha ya pili, huko Mutomo, Mwingi, Wote au Mbooni, yupo mtu aliyeanza kujiandaa kabla msafiri hajawaza hata kufunga mkoba wake. Aghalabu mtu huyo ni mwanamke, na aghalabu ni mzee.

Ili kuuelewa mzigo wake, sharti ieleweke kalenda ya Ukambani. Mvua inayotegemewa zaidi katika Kitui na Makueni si ile ya Machi hadi Mei, bali ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi, kunde, ndengu na mbaazi hupandwa mvua hiyo inapokaribia au inapoanza. Mavuno ya mahindi na kunde kavu husubiri Januari na Februari, na mbaazi za kawaida husubiri zaidi ya hapo. Basi Krismasi ya Ukambani huangukia katikati ya mwanya: mbegu imekwisha kuzikwa ardhini, ghala limekwisha kukwanguliwa, na kilichomo shambani ni majani. Mwaka mvua ikiwa njema na ya mapema, mwenye nyumba hupata mboga ya kunde na huenda akapata hindi bichi la kuchoma. Embe nazo huwa zimeanza kuiva Makueni, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini embe haziwezi kubadilishwa ziwe ugali. Mwaka mvua ikigoma, kama ilivyogoma misimu mitano mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, sikukuu hufika na kukuta nyumba isiyo na akiba wala tumaini la mavuno.

Hapo ndipo penye ukinzani ambao haujadiliwi vya kutosha. Sherehe kubwa kuliko zote za mwaka, iletayo wageni wengi kuliko wakati mwingine wowote, hufanyika wakati ambapo mwenyeji ana kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Katika nchi za Ulaya Krismasi hufika mavuno yakiwa yamekwisha kuhifadhiwa na kazi za shamba zimepungua. Ukambani hufika wakati wa palizi.

Na bado nyumba huandaliwa. Maji huja kwanza. Nyanya, au susu kama wajukuu wake wamwitavyo kwa Kikamba, humtuma punda mtoni na madebe ya lita 20, akachotewe kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, au kwenye bwawa la mchanga iwapo kijiji kimebahatika kuwa nalo. Maji yanayotosha watu wawili kwa siku tatu hayatoshi watu kumi na mmoja kwa siku moja, hasa iwapo wajukuu wa mjini wamezoea kufungua mfereji na kuuacha wazi. Kisha sakafu ya jiko husiribwa upya, magodoro huazimwa kwa jirani, blanketi huanikwa, kuni hukusanywa na kufichwa mahali pasipofikiwa na mvua. Kinu hutolewa nje. Mahindi makavu yaliyosazwa kwa makusudi hunyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa hadi ganda litoke, yakapetwa na kuanikwa, ndipo yakawa muthokoi. Chakula hicho hutaka mkono wenye nguvu kinuni na moto wa saa kadhaa jikoni. Kinapopikwa pamoja na kunde au mbaazi na kukaangwa kwa kitunguu, hakuna haja ya kukitetea mbele ya mtu yeyote aliyekionja.

Lakini mgeni wa Desemba hakitaki, au angalau ndivyo inavyodhaniwa. Krismasi siku hizi hupimwa kwa chapati, wali na soda. Ngano haistawi katika nyanda za Kitui, na mchele hutoka kwingine. Kila kilichomo katika sahani hiyo ya sherehe hununuliwa kwa fedha taslimu, dukani, katika juma ambalo bei zimepanda. Ni kinaya kwamba muthokoi huohuo hufungwa katika pakiti na kuuzwa madukani jijini Nairobi, ukanunuliwa na watu walewale watakaoona haya kuandaliwa huo nyumbani kwao siku ya tarehe 25. Vyama vya akina mama vimejaribu kuipoza hali hii kwa kuchanga kidogo kidogo mwaka mzima, kisha kugawana unga, sukari na mafuta Desemba. Ni busara kubwa. Hata hivyo ni busara ya kubeba mzigo, si ya kuupunguza.

Kuna pia mbuzi. Katika nyumba nyingi za Ukambani mbuzi si kitoweo, ni akiba. Ndiye karo ya Januari, ndiye dawa ya mtoto, ndiye unga wa mwezi wa mwisho kabla ya mavuno. Anapochinjwa kwa ajili ya wageni waliokuja siku nne, shule hufunguliwa wiki chache baadaye na karo haipo. Mgeni hayuko kuliona hilo. Amekwisha kurudi mjini, na picha ya nyama choma imo katika simu yake.

Wanafunzi wa lugha wanaweza kuitazama hali hii kwa jicho lao. Kiswahili kina "mgeni" na Kikamba kina "mueni", maneno ya ukoo mmoja. "Mwenyeji" nalo huhusishwa na "mwenye mji", yule ambaye mji ni wake. Sasa, huyu ashukaye kwenye basi pale Kitui mjini, akiwa amezaliwa kijijini na kitovu chake kimezikwa huko, ni mgeni au mwenyeji? Yeye mwenyewe husema "naenda nyumbani". Hasemi "naenda kutembea". Lakini akifika, huketi kwenye kiti cha mgeni, huletewa maji ya kunawa kama mgeni, na hulala mama yake akiwa bado anaosha sufuria. Hujiita mwenyeji anapodai urithi wa shamba, akawa mgeni jembe linapotajwa. Huo ndio utata unaostahili kufumbuliwa kabla mtu hajazungumzia mapambo na taa za rangi.

Methali nazo zimetumiwa visivyo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hukaririwa kana kwamba ni pongezi kwa mgeni kwa kufika tu. Maana yake ni nzito kuliko hiyo: mwenyeji apone kwa sababu mgeni kaja na kitu, awe mganga, awe mfanyabiashara, awe mwenye habari au mwenye mkono wa kusaidia. Mgeni ambaye mwenyeji huugua akishaondoka hakuifikia methali hiyo. Na ile isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, hunukuliwa kama kichekesho cha kumfukuza mtu kwa adabu. Ukambani si kichekesho. Mwisho wa Desemba magugu yanashindana na mahindi kunyonya maji machache yaliyomo udongoni, na juma moja la kuchelewa kupalilia laweza kupunguza mavuno. Jembe analopewa mgeni ni jembe halisi, na shamba linalomsubiri ni halisi.

Historia ya Kitui yenyewe ina kisa kinachowahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili. Mwishoni mwa Novemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika katika makao ya Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, akapokelewa. Ni akiwa mgeni wa Kivoi ndipo alipouona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba mwaka huo. Mtu huyu ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1850, na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo, mwaka huohuo. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka wa 1851 alirudi kwa mwenyeji wake. Waliandamana kuelekea mto Tana, wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu, na alipojikokota hadi kwa jamaa za marehemu alikuta wakimlaumu: ilikuwaje mwenyeji afe na mgeni arudi mzima? Ilimbidi atoroke usiku. Inawezekana kuwaona jamaa hao kuwa hawakumtendea haki, maana mtu mmoja asingezuia shambulio lile. Lakini swali lao halikuwa la kipumbavu. Lilitokana na imani kwamba ugeni ni mkataba wa pande mbili, na kwamba anayekula chumvi ya mtu hubeba sehemu ya hatari yake.

Wapo watakaopinga hoja hii, na pingamizi lao lina uzito. Watasema kwamba mama wa Kikamba hutaka kuandaa. Kwamba kumnyang'anya mwiko ni kumtukana. Kwamba furaha yake ya mwaka ni kuwaona watoto wakila mikononi mwake. Ni kweli. Mwana anayefika na masanduku ya vyakula vya jijini, akaanza kutoa amri jikoni na kuuliza kwa nini nyumba ina moshi, amemdhalilisha mamaye kuliko yule aliyekuja mikono mitupu. Ila kati ya mawili hayo kuna njia. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, fedha hazihitaji tena kusubiri mfuko wa msafiri. Zikitumwa Novemba, kabla bei hazijapanda, mama hununua mwenyewe, huhifadhi mwenyewe, na hukaribisha kwa chake. Heshima yake haiguswi na mbuzi wake hubaki zizini. Anayesubiri hadi jioni ya tarehe 24 ili atoe noti mbele ya watu anaandaa sifa yake mwenyewe.

Kuandaa moyo huzungumzwa sana makanisani, lakini kwa jumla jumla mno. Katika familia za Kitui na Makueni moyo una mambo yake mahususi mwezi wa Desemba. Ndugu wasioonana miezi kumi na mmoja hukutana chini ya paa moja, na mpaka wa shamba, deni la mazishi, au mke ambaye ntheo yake haijatimizwa huketi nao mezani bila kualikwa. Zamani kulikuwa na thome, ile nafasi nje ya boma ambapo wanaume waliuzunguka moto jioni wakasemezana hadi neno likaisha. Sebule yenye runinga haijachukua nafasi hiyo. Familia ambayo huyazungumza ya shamba tarehe 23, wazee wakiwepo na pombe ikiwa haijafika, hula Krismasi yake kwa amani. Ile inayoyaahirisha huyasikia yakisemwa kwa sauti ya ulevi usiku wa sikukuu. Injili ya Luka, inayosomwa kila mwaka siku hiyo, inasimulia juu ya wasafiri waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Mara nyingi nafasi haikosekani chumbani. Hukosekana kwa sababu kaka mmoja hawezi kulala ambapo mwenziwe yupo.

Yuko pia jirani ambaye hakuna basi lililomletea mtu. Katika utui, yaani ujirani wa Kikamba, moshi wa nyama haukuwa siri ya nyumba moja. Siku hizi ua umeota na lango limefungwa, na mjane wa ng'ambo ya korongo hunusa sikukuu kwa mbali. Kumwalika hakuhitaji mbuzi wa pili.

Safari yenyewe nayo ni sehemu ya maandalizi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya kuelekea arusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mito ya Ukambani ni mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo maana humhadaa msafiri mwezi wa mvua. Mwenyeji anayempigia mgeni wake simu kumwambia alale mjini mpaka maji yapungue amemkaribisha tayari.

Linabaki suala la siku ya tatu. Mila ya mwethya, ya watu kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao kwa zamu, ndiyo iliyochimba matuta mengi yanayoonekana leo kwenye miteremko ya Mbooni na kwingineko. Watoto na wajukuu waliojaa nyumbani tarehe 27 Desemba ni mwethya ambao tayari umekusanyika, tena umeshiba. Kinachokosekana ni majembe ya kutosha, nayo huazimwa kwa jirani kama magodoro yalivyoazimwa. Palizi ya huko huanza mapema, kabla jua halijakuwa kali, na kufikia saa nne watu huwa wamerudi kivulini kunywa chai. Kwa hiyo mgeni aambiwe usiku, kabla hajalala, ni mstari upi utakaokuwa wake.