Diploma ya maabara: Kijana wa Karagwe na Kyerwa apige hesabu kabla ya kuingia

Kidato cha nne kimeisha, kemia umefaulu, unaitaka digrii. Mtaani Kayanga na Nkwenda ushauri ni mmoja: "Piga diploma kwanza, utaunganisha mbele." Ushauri si mbaya, ila neno "kuunganisha" linapotosha wengi.

Kule Marekani, mwanafunzi husoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii, kisha masomo yake yakikubaliwa huhamia chuo kikuu kuanzia mwaka wa tatu. Tanzania diploma ni tiketi ya kuingilia tu. Ukifika chuo kikuu, kwa kawaida unaanza mwaka wa kwanza.

Miaka 5 au 6?

Anayepita kidato cha sita kwa PCB, PCM au CBG anatumia miaka 2, kisha 3 ya digrii ya kemia. Jumla 5. Anayepita diploma ya sayansi na teknolojia ya maabara, kama ile ya DIT au MUST, anatumia 3 na 3. Jumla 6.

Kwa familia inayolipa ada kwa pesa ya kahawa, mwaka mmoja wa ziada si mchezo. Lakini diploma ina faida yake: hela ikikata katikati, kijana ana cheti cha kuombea kazi. Anayekwama baada ya kidato cha sita hana fani mkononi.

Mtego wa GPA

Hapa ndipo wengi wanapoumia. GPA ya 2.0 inatosha kuhitimu diploma. TCU inataka angalau 3.0, au wastani wa B, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Mwenye 2.8 amehitimu vizuri tu, lakini mlango wa kuingia digrii moja kwa moja umefungwa. Kwa hiyo hesabu ya chuo kikuu inaanza muhula wa kwanza.

Mambo ya kukagua mapema

- Chuo na kozi viwe vimesajiliwa NACTVET. Bila hapo hupati AVN, namba ya kuthibitisha diploma yako unapoomba chuo kikuu.
- Soma mwongozo wa TCU wa digrii unayoitaka kabla ya kuchagua diploma. Kila kozi ina masharti yake, na nyingine hurudi kuangalia alama zako za kidato cha nne.
- Usichanganye maabara ya kemia na maabara ya hospitali. Ni diploma mbili tofauti, zenye njia tofauti.
- Ulizia mkopo. HESLB ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele.

Mwenye alama nzuri na uhakika wa ada, kidato cha sita ni njia fupi. Asiye na uhakika, diploma ni salama zaidi, mradi 3.0 iwe lengo tangu siku ya kwanza.