Akiba haiozi?



“Akiba haiozi” imegeuzwa kinga ya ulimbikizaji. Nafaka ya akiba huiokoa familia wakati wa njaa. Shati lisilovaliwa miaka nenda rudi hulisha nondo tu. Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alifundisha kuwa vazi lililofungiwa sandukuni ni mali ya aliye uchi. Tusiuite uwekevu.

Wala tusingoje siku ya kupindua nyumba nzima. Siku hiyo haifiki. Nyumba ilijaa haba na haba, na ipunguzwe haba na haba: leo droo moja, kesho uvungu wa kitanda. Nguo nzima ifuliwe, apewe mhitaji. Iliyochakaa iwe tambara la kudekia. Maskini si jalala letu.