Tusizibe mdomo wa indiketa

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Rangwe, na siku hizi kazi inayoniletea wateja kuliko betri na alteneta ni hii: dereva ameng'oa balbu zake za zamani, akaweka za LED, akawasha indiketa, ikaanza kupiga mbio tiki-tiki-tiki. Anafika kwangu amekasirika, na ombi lake ni moja tu. "Fundi, nitulizie hii kitu." Kuituliza ni kazi ndogo. Kabla sijaifanya, huwa namwomba anisikilize, na leo nawaomba nyote.

Indiketa hiyo haijaharibika. Ile flasha inayolia chini ya dashibodi hupima umeme unaopita kwenda kwenye taa. Katika magari mengi tunayoendesha huku, balbu ya indiketa ya mbele ni wati 21, ya nyuma wati 21, na ile ndogo ya ubavuni wati 5. Jumla ni wati 47, karibu ampea nne kwenye umeme wa volti 12. Balbu moja kubwa ikiungua, umeme unapungua kwa karibu nusu, na flasha inaongeza kasi makusudi ili dereva aliyeketi ndani, asiyeweza kuona taa zake mwenyewe, apate habari. Sasa LED tatu kwa pamoja aghalabu hazifikishi hata wati 10. Flasha inapima, inakuta umeme haupo, inaamua kwamba taa zimekufa. Haina njia nyingine ya kujua.

Wala si ujanja wa kiwanda kimoja. Kanuni nambari 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari, inayofuatwa Japani na Ulaya, inataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na inataka dereva ajulishwe taa inapokufa. Mlio ule wa haraka ndio taarifa yenyewe.

Siwalaumu madereva kwa kupenda LED. Anayeteremka kila siku kutoka Asumbi au kukata barabara za marram za Kochia anajua mtikisiko unavyoua balbu. Ule waya mwembamba wa ndani hukatika kabla ya wakati wake, na LED haina waya wa kukatika. Lakini wengi hununua kwa sababu inang'aa na rafiki ameweka, kisha wanaletewa dawa ya bei rahisi ambayo mafundi wenzangu wanaipenda mno: rezista.

Rezista hiyo ni kipande chenye ganda la rangi ya dhahabu, kirefu kama kidole, kimeandikwa 50W 6Ω. Kinaunganishwa sambamba na taa, waya mmoja kwenye indiketa na mwingine kwenye ethi, na kazi yake ni kula umeme bure ili flasha idhani balbu ya zamani ipo. Kwenye volti 12 kinakula wati 24. Injini ikiwaka na umeme kupanda hadi volti 14, kinakula zaidi ya wati 32. Yaani mtu amenunua taa ya kuokoa umeme, kisha amefungiwa kitu kinachokula kuliko balbu aliyoitupa. Umeme huo wote unageuka joto. Nimefungua buti la Probox moja nikakuta rezista imefungwa kwa kamba ya plastiki juu ya waya nyingine; kamba imeyeyuka, ganda la waya mbili limeiva na kuwa jeusi, na zulia la buti limeanza kukauka mahali pale. Dereva alikuwa amewasha hazadi akingoja tairi, basi. Gari hilo hubeba watu. Rezista, ikiwa hapana budi, inafungwa kwa skrubu kwenye bodi ya chuma, mbali na plastiki na waya, na mteja anaambiwa ipo wapi.

Dawa iliyo safi ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, isiyojali taa zinakula kiasi gani. Lazima ilingane na ya zamani kwa miguu: Toyota nyingi tunazotumia zina yenye miguu minane, nyingine mitatu, na mpangilio wa miguu ukikosewa fyuzi inakatika. Joto hamna, waya haukatwi. Kwenye magari mapya zaidi, ambayo mpigo unatoka kwenye kompyuta, hakuna flasha ya kung'oa, na hapo ndipo rezista inabaki kuwa njia.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Ukiweka rezista, LED ikifa rezista inaendelea kula, na flasha inaendelea kupiga polepole kana kwamba mambo ni shwari. Ukiweka flasha ya LED, yenyewe haipimi kitu. Njia zote mbili zinalinyima gari sauti ya kukuambia kwamba taa yako ya nyuma imezima. Na LED za bei rahisi zinakufa, tusidanganyane.

Fikiria dereva anayetoka Rodi Kopany saa mbili usiku, amebeba abiria na gunia la omena, anataka kukata kulia aingie njia ya kijijini. Nyuma yake kuna boda boda anayetaka kupita, na kupita kwetu ni upande huo huo wa kulia. Kitu pekee kinachosimama kati ya watu hao wawili ni taa moja ya rangi ya machungwa. Ndani ya gari mshale wa kijani unameta taratibu, dereva ameridhika, anakata kona. Nyuma ni giza.

Kwa wenye boda boda kuna tatizo jingine ambalo si la kasi. Pikipiki nyingi zina taa moja tu kwenye dashibodi ya kuonyesha indiketa za pande zote mbili. Taa hiyo imeungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na umeme wake unatafuta ethi kupitia balbu za upande wa pili. Ni umeme mdogo usioweza kuwasha balbu ya wati 10, ila LED unaiwasha. Kwa hiyo kijana anaonyesha kushoto na taa zote nne zinameta. Aliye nyuma hajui anaelekea wapi. Tiba ni diodi mbili: kila upande upeleke umeme wake kwenye ile taa ya dashibodi kupitia diodi yake, na mguu wa pili wa taa uende ethi. Kazi ndogo, lakini vijana wengi wanaambiwa ndivyo LED zilivyo.

Msimamo wangu ni huu. LED weka ndani ya gari, weka kwenye namba. Indiketa ibakie na balbu ya waya, na ikianza kukimbia bila wewe kubadilisha chochote, tazama upande unaokimbia: ama balbu imeungua, ama soketi na ethi yake zimeshika kutu. Kama ni lazima uweke LED, nunua ya rangi ya machungwa, maana nyeupe nyuma ya kioo cha machungwa hufifia na mchana wa jua haionekani, na ununue pamoja na flasha yake.

Wenye maduka ya spea, msiuze moja bila nyingine. Mafundi wenzangu, mwambieni mteja mlichomwondolea. Na wewe dereva uliyekwisha kubadilisha, kila jioni kabla ya kutoka stejini washa hazadi, shuka, zunguka gari uhesabu taa. Mbele mbili, ubavuni mbili, nyuma mbili. Zikiwa tano, usipakie abiria.